Safari ya Bondo: Kutoka Mialo ya Sengerema hadi Misikiti na Mahekalu ya China

Anayefika mwaloni alfajiri, katika fukwe za Sengerema au kule Buchosa, huiona mizani kabla hajamwona samaki. Imetundikwa juu ya mti, na watu wameizunguka wakiikodolea macho kama wautafutao mwezi wa Ramadhani. Sangara hupasuliwa, na kutoka tumboni mwake hutolewa mfuko mweupe wenye kuteleza, uliojaa hewa, ambao Mwenyezi Mungu ameujaalia umwezeshe samaki yule kupanda na kushuka majini bila ya kuzama. Hilo ndilo bondo. Huoshwa, likapimwa peke yake, na kilo yake moja huipita mbali bei ya kilo moja ya mnofu.

Mgawanyo wa samaki huyu ni jambo ambalo kila mtoto wa kando ya ziwa hulijua kabla hajajua kugawanya kwa hesabu. Mnofu hugandishwa viwandani Mwanza ukapelekwa Ulaya na kwingineko. Mapanki, yaani kichwa na mifupa inayosalia baada ya mnofu kukatwa, hukaangwa na kuliwa hapa hapa kwetu. Bondo huenda Asia. Ukiuliza linakwenda kufanywa nini huko, utapata majibu mengi yasiyofanana: wapo wasemao ni nyuzi za kushonea majeraha, wapo wasemao ni gundi, na wapo wanaokwambia, kwa sauti ya chini, mambo ambayo hayaandikwi katika ukurasa wa familia.

Mume wangu hununua mabondo mialoni na kuyafikisha kwa wakala Mwanza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Likizo ya Desemba iliyopita, akiwa amealikwa na wanunuzi wake kwenda Hong Kong na Guangzhou, nilimwomba nifuatane naye, nami nikatumia akiba niliyoiweka kwa miaka mingi. Nilitaka kujua jambo moja tu: ni nani anayekula bondo letu, na analila vipi. Mengine yote niliyoyaona, misikiti, mahekalu na vyakula, yalikuja juu ya hilo.

Tulitoka Sengerema kwa gari, tukavuka Daraja la J.P. Magufuli baina ya Busisi na Kigongo, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Aliyewahi kukesha pale Busisi akingojea kivuko huku mgonjwa akiwa nyuma ya gari ataelewa kwa nini abiria wa basi bado hunyamaza kidogo wanapolivuka.

Kusafiri kwenda China kwa Mwislamu si jambo geni. Wengi wetu tumekua tukiyasikia maneno mashuhuri yahimizayo kutafuta elimu hata China, ingawa wanavyuoni wa hadithi wameyadhoofisha na hawayathibitishi kuwa ni ya Mtume (S.A.W). Lakini hata tukiyaweka kando, njia yenyewe imekanyagwa. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji ule, miaka kumi na kadhaa baadaye alikuwa katika bandari ya Zaitun, ambayo leo ni Quanzhou. Yeye mwenyewe alisimulia kuwa nchi ile, pamoja na uzuri wake, ilimsononesha kwa wingi wa ibada ya masanamu, na kwamba kila alipokutana na Mwislamu alifurahi kama aliyekutana na jamaa wa damu. Nao Wachina walikuja kwetu. Jemadari wao wa bahari, Zheng He, mzaliwa wa Yunnan katika familia ya Kiislamu, ndiye aliyeziongoza jahazi kubwa zilizofika hadi pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China. Twiga akatangulia, bondo limefuata baada ya karne sita.

Hong Kong ni mji uliopandishwa juu kwa kukosa mahali pa kutandazwa. Majengo yanasongamana mlimani, na chini yake kuna mlango wa bahari unaogawa mji mara mbili, Kowloon upande huu na kisiwa upande ule. Watu huvuka kwa vivuko vya kampuni ya Star Ferry, iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19 kwa mkono wa Mparsi mmoja kutoka India. Niliketi juu ya benchi la mbao, upepo ukinipiga usoni, nikaona watu wa maofisini, wanafunzi, na mama mwenye mfuko wa mboga. Nikahisi niko Kamanga, isipokuwa hakukuwa na kuku wala baiskeli, na safari ilikwisha kabla sijamaliza kusoma dua yake.

Mitaa ya mabondo iko Sheung Wan, upande wa kisiwani. Ni maduka kwa maduka ya vitu vilivyokaushwa: uyoga, kome, kamba, mapezi ya papa, na bondo. Harufu ni ile ile ya dagaa walioanikwa, nami nilivuta pumzi kama mtu aliyerudi kwao. Mabondo yalikuwa yamepangwa kama vitabu vya thamani, mengine ndani ya kabati la kioo, rangi yake ya dhahabu iliyofifia, magumu kama pembe. Kwa Kikantoni huitwa *fa gau*, jina ambalo ukilitafsiri neno kwa neno ni gundi ya maua.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, na mkalimani wetu alikuwa kijana wa wanunuzi. Nilipomuuliza linapikwa na nani, mama yule alishangaa kuwa niliyetoka liliko sangara sijui. Akaeleza kwa vidole na kwa kikokotoo. Bondo hupikwa supu, na supu ile hasa ni ya mwanamke aliyejifungua. Huaminiwa kuwa hurudisha nguvu, hufunga mwili uliolegea, na huing'arisha ngozi. Mama mkwe mwema humwekea mkaza mwana wake bondo tangu siku ya harusi, likakaa kabatini miaka, na kadiri linavyokaa ndivyo linavyohesabiwa kuwa bora. Hutolewa zawadi katika ndoa na katika mwaka mpya wa Kichina. Basi huo ndio ukweli wa bondo, na minong'ono ya mialoni inaweza kupumzika. Ni uji wa mzazi! Kule kwetu mzazi hunyweshwa uji wenye pilipili manga na supu ya kuku wa kienyeji, na kina mama wakahimizana asitoke nje kabla ya arubaini. Wao nao humtunza mzazi wao ndani kwa mwezi mmoja, akilishwa vitu vya moto. Tumekuwa tukiwalisha wazazi wao kwa miaka yote hii bila ya kujuana.

Kisha mama yule akatuonyesha madaraja. Juu kabisa, nyuma ya kioo, yalikuwa mabondo makubwa kupita kiganja cha mtu mzima, ya samaki ambao mvuvi wetu humpata mara chache sana siku hizi. Katikati yalikuwa ya kawaida. Na sakafuni, ndani ya viroba vilivyofunguliwa midomo, yalikuwa mamia ya mabondo madogo, membamba, mengine hayakuzidi kiganja cha mtoto. Mume wangu aliinama, akachota machache, akayageuza geuza mwangani.

"Hawa ni watoto," akasema.

Hakuna alama ya ziwa juu ya bondo, wala ya nchi. Yangeweza kuwa ya Uganda, ya Kenya, au ya kwetu. Lakini anayefanya kazi hii hutambua kwa jicho samaki wa bondo lile alikuwa na urefu gani, na sheria inakataza kumvua sangara asiyefikia sentimita 50, kwa kuwa hajawahi kuzaa. Wale wakubwa wa nyuma ya kioo nao wana habari yao, maana sangara wakubwa mno kwa kawaida huwa majike, ndio mama wa ziwa. Soko lile lilikuwa limechukua ncha zote mbili, mama na mtoto, na kuziweka katika duka moja.

Nilisoma baadaye habari za samaki wengine waliokwisha kupita njia hii. Yuko mmoja wa pwani ya China yenyewe, aitwaye bahaba, ambaye bondo lake lilithaminiwa kama dhahabu hadi akakaribia kutoweka kabisa. Yuko mwingine wa Mexico, totoaba, ambaye biashara yake imepigwa marufuku duniani. Nyavu anazotegewa kwa siri zimeangamiza pia pomboo mdogo wa bahari ile, vaquita, hata wamebaki wa kuhesabika. Sangara wetu ni mgeni ziwani, aliletwa miaka ya 1950, akawala furu wa aina nyingi mno. Huenda wapo wasiomhurumia. Lakini nyumba ngapi Sengerema zimeezekwa bati kwa sangara, na watoto wangapi darasani kwangu wanavaa viatu kwa sangara? Mimi nawajua kwa majina.

Tulipotoka hapo hatukuzungumza kwa muda. Tulipanda ngazi hadi barabara ya Hollywood, tukajikuta mbele ya hekalu la Man Mo, lililojengwa mwaka 1847 na wafanyabiashara wa Kichina. Ni jengo la chini lenye paa la vigae vya kijani, limebanwa na maghorofa. Huabudiwa humo miungu wawili, mmoja wanamnasibisha na elimu na uandishi, na mwingine na vita. Darini huning'inia mizunguko mikubwa ya udi, kama mikeka ya duara inayosukwa kuelekea chini, nayo huungua polepole siku nyingi mfululizo. Moshi ulitufikia nje. Udi twaujua sisi. Huku kwetu hufukizwa nguo, chumba cha maharusi, na msikiti siku ya Idi. Pua haikuona ugeni wowote, macho ndiyo yaliyouona.

Hatukuingia. Masheikh wana maelezo yao juu ya Mwislamu kuingia mahali pa ibada ya wengine, na msomaji mwenye safari kama hii na amuulize sheikh wake. Sisi tulisimama nje ya kizingiti, ambapo tuliweza kuona bila ya kumkera yeyote aliyekuwa ndani wala kuyakera yaliyo mioyoni mwetu. Kijana wa kike aliyevaa sare ya shule aliweka machungwa mezani, akainamisha kichwa. Mkalimani akasema ana mtihani. Nilitaka kusikitika, nikakumbuka wazazi wa Kiislamu ninaowafahamu, wanaopeleka kalamu ya mtoto kwa mganga kabla ya mtihani wa darasa la saba, kisha wakaja shuleni kuniomba nimwombee dua. Nikanyamaza.

Pembeni mwa hekalu kuna ukumbi ambao zamani Wachina wa mji ule walikutana kuamua migogoro yao, wasipotaka kwenda kwa Waingereza. Mume wangu aliupenda ukumbi ule kuliko hekalu. Alisema mialo yetu ingefaa kuwa na kitu kama hicho, mahali ambapo mvuvi na mnunuzi wanaogombania mizani wangekaa mbele ya wazee kabla ya kufika polisi.

Swala ya alasiri tuliiswali Kowloon. Msikiti wa huko uko katika barabara ya Nathan, wenye minara minne myeupe, katikati ya maduka ya dhahabu na saa. Wa kwanza mahali pale ulijengwa mwaka 1896 kwa ajili ya askari Waislamu wa Kihindi wa jeshi la Uingereza. Jengo la sasa ni la mwaka 1984. Hatua chache kutoka hapo liko Chungking Mansions, jengo kuukuu la ghorofa 17 ambalo wafanyabiashara wa Afrika Mashariki hulijua kama wanavyoijua Kariakoo. Chini kuna sambusa, chapati na mchuzi wa Kipakistani, na tukiwa kwenye foleni ya lifti tulisikia mtu akigombana kwa Kiswahili kwenye simu juu ya mzigo uliochelewa. Tulicheka, naye akageuka akacheka, tukasalimiana kama ndugu wa tumbo moja. Ibn Battuta alisema kweli.

Kuhusu chakula, msafiri Mwislamu asikate tamaa, ila awe na macho. Nyama ya nguruwe imeenea, na hata chakula cha mboga tupu huweza kutiwa mvinyo wa mchele wakati wa kupika, jambo ambalo wengi hawalijui. Hong Kong tulikwenda Wan Chai, katika msikiti wa Ammar, ambako ghorofa ya tano kuna mkahawa wa halali. Huko nilikula vibunda vidogo vya unga vilivyojazwa kamba na kuku, vikapikwa kwa mvuke ndani ya vikapu vya mianzi. Mume wangu aliviita sambusa zilizonyimwa mafuta, akaagiza sahani ya tatu.

Guangzhou ni karibu saa moja tu kwa treni ya kasi kutoka Kowloon. Huko neno la kutafuta ni *qingzhen*, maana yake safi na kweli, nalo ndilo wanaloliandika Waislamu wa China juu ya milango ya mikahawa yao, mara nyingi kwenye kibao cha kijani. Wengi wa wenye mikahawa hiyo ni Wahui wanaotoka mikoa ya mbali ya magharibi. Mpishi mwenye kofia nyeupe huchukua donge la unga, akalivuta, akalikunja, akalivuta tena, mpaka likawa nyuzi mamia bila ya kisu kugusa. Tambi zile hutiwa ndani ya supu nyepesi ya ng'ombe, pamoja na vipande vya figili nyeupe, giligilani, na mafuta ya pilipili mekundu. Nilipotoa salamu, kina mama waliokuwa wakikata nyama waliacha visu wakaitikia wote kwa pamoja. Hatukuwa na neno jingine la kuzungumza, lakini bakuli langu lilirudi na nyama maradufu.

Msikiti wa Huaisheng ni miongoni mwa misikiti mikongwe mno ya China. Mnara wake, wa takriban mita 36, ni wa duara, laini, mweupe, haufanani na pagoda za mji ule wala na minara ya kwetu. Wanauita mnara wa nuru, kwa kuwa ulikuwa pia taa ya kuziongoza jahazi mtoni. Wenyeji husimulia kuwa msikiti ule uliasisiwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas (R.A), na upande mwingine wa mji liko kaburi linalonasibishwa naye. Wanahistoria hawakubali, na vitabu vyetu vyatufahamisha kuwa alifariki na kuzikwa Madina. Hata hivyo, anayelala katika kaburi lile yumo katika ardhi inayoswaliwa kwa karne nyingi, nasi tulimwombea rehema.

Ijumaa tuliswali hapo hapo penye kaburi. Umati ulikuwa mkubwa hata mikeka ikatandikwa bustanini chini ya miti: Wahui, Wauighur, Waarabu, Wasomali, watu wa Mali, na Watanzania wa kutosha kufanya kikao. Wanawake tuna sehemu yetu. Bibi mmoja wa Kihui, mdogo wa umbo, alinishika kanga yangu, akapitisha kidole juu ya maandishi yake herufi kwa herufi, akaniangalia kwa kuuliza. Nilijaribu kumweleza kwa ishara kuwa nguo hii husema. Alikubali kwa kichwa kana kwamba ni jambo la kawaida kabisa. Nje, baada ya swala, kulikuwa na soko dogo la mikate ya tanuri na mishikaki ya kondoo, na harufu ile ilinirudisha kwenye mkesha wa Idi.

Mahekalu ya Guangzhou tuliyapita kwa miguu tu, likiwamo la Guangxiao, la dini ya Budha, lisilo mbali na Huaisheng. Yamejirani kwa muda mrefu kuliko umri wa miji yetu yote ya kando ya ziwa, na nilichokiona mlangoni kwao ni wazee wanaolisha njiwa.

Tuliporudi Sengerema nilikuwa na kipande kimoja cha bondo katika sanduku, kilichonunuliwa Sheung Wan kwa bei ambayo sikumtajia mtu. Mdogo wangu alikuwa amejifungua wiki mbili kabla. Nilifuata maelekezo ya mama wa duka: nikaliloweka usiku kucha, nikalichemsha kwa tangawizi na majani ya vitunguu ili kuondoa harufu, nikaliacha lipoe, kisha nikalipika polepole pamoja na kuku. Likavimba, likawa laini na la kuteleza, kama lilivyokuwa mwaloni siku lilipotoka tumboni mwa samaki. Mzazi alikula. Mama akaonja, akatafuna muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "hili halina ladha yoyote. Utamu ni wa kuku."

Mume wangu sasa huwaambia vijana mwaloni kuwa mabondo madogo hayanunui. Baadhi yao humcheka na kumwuzia jirani yake. Ameanza kuwasiliana na wazee wa mwalo kuhusu lile wazo la ukumbi; wamemjibu kwamba kwanza ipatikane mizani mpya. Nusu ya bondo iliyosalia ipo kabatini, imefungwa ndani ya gazeti, karibu na chumvi, na mama amekwisha kuniuliza mara mbili kama haiwezekani kumrudishia wakala.